Ukialikwa kupanda Tirumala: maelekezo ya muuza nywele

Mi nauza nywele Kariakoo, mwaka wa kumi na moja sasa, na miaka yote hiyo nimekuwa namwambia mteja "hii ya India, orijino, haijachanganywa" bila kujua India yenyewe imetoka kichwani kwa nani. Nimekuja kujua nilipompeleka mama Chennai kutibiwa, tukakaa miezi miwili na nusu, dawa zikamtoa mama nywele zote, na mwenye nyumba wetu siku moja akaniambia anapanda Tirumala, hekalu la Kihindu la mlimani ambako watu wananyolewa nywele, kuondoa nadhiri, twende. Naandika hii kwa wanaoenda hospitali Chennai na Vellore, wanafunzi wa Bangalore na Hyderabad, na yeyote ambaye jirani au rafiki yake Mhindu atamwambia twende wote akabaki anajiuliza avae nini, aseme nini, afike mpaka wapi. Na naandika pia kwa sababu safari hizi zimebadilika maana yake, ukienda bila kuambiwa utaona foleni na tiketi useme dini imekuwa biashara, au utaona vipara na machozi useme hawa watu wako vilevile tangu enzi za mababu, na kote huko utakuwa umekosea.

Kabla hujapanda basi rekebisha kwanza maneno. Mhindi ni mtu wa asili ya India, awe Muislamu, Mkristo, Singasinga, vyovyote, Mhindu ndo wa dini. Baniani liache nyumbani pamoja na methali yake ya kiatu, sisi tumelizoea ila mwenyewe akilisikia halimpendezi. Wahindu tuliozoea kuwaona Mtaa wa Kisutu wengi asili yao Gujarat, hao ukiwauliza habari za kuzuru watakutajia Dwarka na Somnath. Tirumala ni ya kusini, ya Watelugu na Watamil na Wakannada, ingawa sa hivi wanakuja toka India nzima. Mungu anayezuriwa pale ni Venkateswara, wengine wanamwita Balaji, na mwenye nyumba wetu kwa sababu ni Mtamil alikuwa anasema Perumal. Huyo mwenye nyumba nitamwita Amma, yaani mama, ndo nilivyomwita siku zote.

Alafu jua unaenda wapi, maana watu wanachanganya. Tirupati ni mji wa chini, una stesheni na stendi na lojingi kibao, kama kilomita 135 kutoka Chennai, na kutoka Vellore ni karibu zaidi. Tirumala ni mji wa juu, kwenye vilima vya Seshachalam, kama mita 850 juu ya usawa wa bahari. Vilima viko saba ndo maana wanamwita Bwana wa Vilima Saba. Kule juu kila kitu kinaendeshwa na taasisi moja inaitwa TTD, iliyoundwa kwa sheria ya 1932, kabla ya hapo hekalu lilikuwa mikononi mwa watawa wa nyumba ya Hathiramji. Foleni, chakula cha bure, vyumba, vinyozi, mabasi, yote unaona mpangilio wa taasisi hiyo. Ukitoka Chennai kuna treni na mabasi mengi, sisi tulitoka saa kumi alfajiri tukafika Tirupati saa moja na nusu.

ANZA NA NADHIRI

Ukialikwa, usianze kuuliza ratiba na bei. Uliza "unakwenda kwa nadhiri?" alafu nyamaza. Usiulize ya nini, akitaka atasema. Mi nilivyouliza hivyo Amma alinyanyuka akaenda jikoni akarudi na fundo la kitambaa cha njano, rangi imeshafifia, alikuwa analiweka ndani ya kopo la mchele. Akalifungua mezani. Sarafu za rupia moja, za mbili, za tano, na chini kabisa zilikuwepo za paisa 25 ambazo India ilishaziondoa kwenye matumizi tangu 2011. Mume wake alifanyiwa upasuaji wa moyo 2009, siku hiyo Amma akafunga sarafu ya kwanza akasema ukinirudishia nakuja kukulipa, na kila akipata nafasi anaongeza, na mume alirudi akaishi miaka kumi na mbili mingine, ila yeye kila mwaka kuna kinachomzuia, mara harusi ya mtoto, mara korona (hekalu lilifungwa Machi 2020), mara goti. Sasa ndo anakwenda. Hizo za paisa 25 hazinunui hata pipi lakini hakuzitoa, alizifunga zilezile.

Neno kulipa hapo ni la kweli kabisa kwao. Wanasimulia kwamba Venkateswara alipotaka kumuoa Padmavati alikopa kwa Kubera, mungu wa utajiri, na mpaka leo analipa riba, kwa hiyo hela unayotumbukiza kwenye hundi, lile sanduku kubwa la sadaka, unamsaidia deni lake. Hundi hiyo kwa mwaka inapita rupia bilioni 10. Watu wanatoa mpaka dhahabu, wengine wanampima mtoto kwenye mizani wanatoa sukari au sarafu uzito uleule. Ukielewa hadithi ya deni hutashangaa tena mtu maskini anatoa alichonacho huku anafurahi. Padmavati mwenyewe ana hekalu lake chini, Tiruchanur, kilomita tano tu kutoka Tirupati, na wengi hawaoni safari imekamilika mpaka wapite na kwake.

Sasa sikiliza zamani ilikuwaje, hii alinisimulia Amma ndani ya treni. Bibi yake alienda mara moja tu maishani. Kabla ya kwenda walivaa nguo za njano wakazunguka mtaani na vyombo wakiomba mchele na sarafu nyumba hadi nyumba wanaita "Govinda, Govinda", jina lingine la Mungu huyohuyo, na sio kwamba hawakuwa na kitu, bibi alikuwa na mashamba, ila kuomba ndo sehemu ya safari, unajishusha kabla hujapanda. Kijiji kizima kikawasindikiza. Waliporudi watu waliwainamia wakagusa miguu yao kwa sababu ile miguu imefika. Mi nikawa nawakumbuka wazee wetu wa Hija wa zamani, mtu anaomba radhi mtaa mzima, analipa madeni, anaandika wasia, maana kurudi ni majaliwa, na akirudi jina lake linabadilika anakuwa Haji fulani mpaka kufa. Ndo heshima hiyohiyo. Ilitokana na ugumu.

Barabara ya gari ya kwanza kupanda kule ilifunguliwa 1944, ya pili 1974, siku hizi moja ni ya kupandia na nyingine ya kushukia. Kabla ya hapo ni miguu yako au unabebwa. Na haikuwa kila mtu anaruhusiwa, wale waliokuwa wanaitwa wasioguswa, leo wanajiita Dalit, walifunguliwa milango ya mahekalu ya upande ule kisheria 1947. Kwa hiyo ukimuona bibi kizee ameshika vyuma vya foleni masaa kumi anatabasamu usimhurumie haraka, pengine bibi yake yeye hakuruhusiwa hata kufika pale.

TIKETI, NA HAPA NDO MABADILIKO YALIPO

Leo kutoka Chennai unaenda na kurudi siku moja ukipanga vizuri, na hilo peke yake limegeuza kila kitu. Kilichokuwa safari ya maisha kimekuwa safari ya wikiendi, ya bethidei, ya kumshukuru Mungu kwa gari jipya, ya kabla ya mtihani, ya baada ya kupata kazi. Hata wanasayansi wa anga wa India wanapanda na kimodeli cha roketi au satelaiti kukiweka mbele ya Bwana kabla ya kurusha, kituo chao cha Sriharikota hakiko mbali. Na kwa sababu kufika sio ngumu tena, heshima imehama, haipo tena kwenye kufika, imeenda kwenye foleni.

Foleni zipo za aina nyingi na ukitaka kuelewa Uhindi wa mjini wa leo zisome. Kuna ya bure kwa wote, unaingia unakaa kwenye kumbi zilizogawanywa vyumba vyumba na vyuma, wanawaletea maziwa na chakula, mnasubiri zamu, inaweza kuwa masaa machache inaweza kupita siku. Kuna tiketi ya rupia 300, kama elfu tisa ya kwetu, hiyo unabuki onlaini mapema sana, zikitoka tu zinaisha. Kuna ya wanaochangia mfuko wa kujengea mahekalu rupia 10,000, wanapata nafasi ya kununua tiketi ya 500 ya kupita na wakubwa. Na kuna wanaopita kwa barua ya mheshimiwa. Wote mwisho wanasimama mbele ya sanamu ileile sekunde chache tu, maana wahudumu wako pale wanasukuma watu kwa Kitelugu "jarugandi, jarugandi", sogea, sogea. Mtu amesubiri usiku mzima anaona kwa muda wa kupepesa macho mara mbili tatu, na anatoka analia kwa furaha. Wao wanaiita darshani, kuona na kuonwa, na kuonwa hakuhitaji muda mrefu.

Kwa hiyo mtu akirudi nyumbani siku hizi swali la kwanza ni "uliingia kwa masaa mangapi?" Mwingine anajisifu nimeingia dakika arobaini, mwingine anajisifu nimesota masaa ishirini, na unaweza kukuta hao wawili ni ndugu wa nyumba moja. Amma na binti yake wa mwisho walikuwa hivohivo. Binti anafanya kazi kampuni ya IT, alishalipa wakala wa mtaani rupia 4,000 kwa kila kichwa ili mama yake asisimame na lile goti, na nia yake ilikuwa njema kabisa. Tulivyofika pale getini karatasi ya wakala ikaskaniwa haisomi, mara ya pili haisomi, askari akaturudisha kwa upole akasema wanaletewa hizo kila siku. Simu ya wakala haipatikani. Binti alilia pale mbele za watu. Amma alimshika mkono akamwambia "bibi yangu alisubiri siku tatu", wakaenda foleni ya bure.

Kwa hiyo chukua hili: tiketi inunuliwe kwenye tovuti na apu ya TTD wenyewe, na jina lifanane na la kwenye kitambulisho au pasipoti, herufi kwa herufi. Wakala wa mtaani, hata akuonyeshe picha na mawaziri, achana naye. Na epuka siku kubwa. Januari 8, 2025 watu 6 walikufa kwenye mkanyagano chini Tirupati, tena sio hekaluni, ni kwenye kugawa tokeni za kuingilia siku ya Vaikuntha Ekadashi, sisi tulienda kama miezi miwili baadae na watu walikuwa bado wanaongelea. Zile siku tisa za sikukuu ya Brahmotsavam mwezi wa tisa au wa kumi nazo ni umati usioelezeka, kama una mgonjwa anakusubiri Chennai usithubutu.

Usidhani wenyewe hawalioni hili la matabaka, wanabishana kila siku, nimewasikia kwenye treni, kwenye mgahawa, mpaka kwa kinyozi. Karibu na Hyderabad kuna hekalu la Chilkur, Balaji huyohuyo, vijana wanamwita Balaji wa viza kwa sababu wanaenda kuomba viza ya Marekani, unazunguka hekalu mara 11 ukiomba na ukipata unarudi kuzunguka mara 108, na pale hakuna hundi wala mlango wa wakubwa. Binti wa Amma ameshaenda. Ndo ujue ni kizazi kilekile, kinalipia njia ya mkato huku na kinapenda usawa kule, na mi sioni kama ni unafiki, ni watu wanatafuta namna ya kumfikia Mungu wao na wiki yao ina siku mbili tu za kupumua.

KAMA WEWE SIO MHINDU

Kupanda mjini juu unaruhusiwa. Kuingia hekaluni unatakiwa kusaini tamko kwamba una imani na Bwana Venkateswara. Hapo uwe umeshaamua kabla hujatoka nyumbani, sio getini na watu wanasukumana nyuma yako. Mi ni Muislamu, siwezi kusaini kitu kisichokuwa moyoni, na kusaini uongo ili nione ndani ningekuwa nimeidharau dini yao na yangu kwa mpigo mmoja. Nilimwambia Amma mapema, jikoni, tunakata vitunguu: nitakwenda na wewe mpaka mlangoni, nitakaa na mizigo, nitakusubiri. Hakukasirika hata kidogo, alisema anayelinda viatu naye amekuja. Sema mapema na sema hivohivo wazi, wanaelewa kuliko unavyofikiri.

Kule juu nyama, pombe, sigara ni marufuku na mnakaguliwa chini Alipiri kabla ya kupanda, na kueneza dini nyingine hairuhusiwi kwa hiyo vijitabu vyako acha. Sala zangu nilizipanga kisafiri, na jioni nilishuka na basi nikalala lojingi karibu na stendi Tirupati, nikasali huko kwa utulivu, asubuhi nikapanda tena. Mabasi ni mengi, hiyo sio shida.

Kuvaa: nguo ndefu pana, bega na kifua vimefunikwa. Wanawake wao ni sari au churidari, ile suruali ya kubana na gauni lake, na mtandio, wanaume shuka nyeupe au pajama. Mtandio wangu haukumsumbua mtu. Usichomeke maua kichwani hata kama Chennai umezoea kununua jasmini kila asubuhi, Tirumala wanawake hawavai maua, maua yote ya kule ni ya Bwana. Kwenye zile barabara nne zinazozunguka hekalu unatembea peku, mchana mawe yanachoma, soksi ziwe kwenye mkoba. Simu haziingii ndani, zinaachwa kwenye kaunta na unapewa risiti, hiyo risiti itunze kama hati ya nyumba.

KUPANDA KWA MIGUU

Tulipanda kwa miguu, Amma alikataa basi. Njia ya Alipiri ina ngazi zaidi ya 3,500, karibu kilomita tisa, imeezekwa sehemu kubwa, maji na vyoo vipo. Mizigo unakabidhi chini wanakupelekea juu. Kijana mzima anamaliza masaa matatu, sisi na goti la Amma tulitumia matano. Kuna wanawake wanapaka kila ngazi manjano na unga mwekundu, kila ngazi, wanainama wanainuka, na wengine wanawasha kafuri kipande kwenye ngazi. Kuna sehemu yenye mwinuko mkali watu wanaipanda kwa magoti. Na katikati ya hao wanapita vijana na tisheti za kampuni zao na saa za kuhesabu hatua, wanapiga selfi, wanaimba, mmoja wao alimbeba mzee asiyemjua mgongoni kama ngazi mia hivi alafu akaendelea zake. Nilikuwa nimedhani njia ya miguu itakuwa ya wazee tu, kumbe imejaa vijana. Binti wa Amma aliniambia ofisini kwao kila mradi ukiisha timu inapanda usiku, na ndo siku pekee bosi na dereva wanatembea peku pamoja.

Angalizo la kweli: ni msitu ule. Agosti 2023 chui alimuua mtoto wa miaka 6 kwenye njia hiyo, baada ya hapo wakaanza kugawa fimbo kwa wapandaji na kuzuia watoto kuanzia saa nane mchana. Tembea na kundi, mtoto mshike mkono asitangulie.

KALYANAKATTA

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo kazi yangu.

Kalyanakatta ni jengo la kunyolea. Bure. Unapewa tokeni na wembe, unatafuta kinyozi wa namba yako, wanawake wana vinyozi wanawake. Unakaa chini, anakumwagia maji kichwani, anaanzia katikati. Nilikuwa nimesimama nyuma ya Amma, nimemshikia miwani. Nywele zake zilikuwa zinafika kiunoni, nyeupe kwa nyeusi, alizifunga fundo mwenyewe, na yule kinyozi alikuwa na mkono mwepesi sana, wembe unakwenda mstari mmoja kutoka utosini mpaka kisogoni bila kuinuka, nywele zikadondoka zote kwa pamoja zikiwa bado zimefungwa, mzigo mmoja, mlio wake kama kitambaa kibichi. Mzigo ule mi naujua. Nimeushika mara elfu, nimeupima kwenye mizani, nimeuchana, nimeutajia bei ya laki na kitu. Sikuwahi kuuona unadondoka.

Msichana akapita akazikusanya akazitia kwenye chombo. Pembeni mtoto mchanga ananyolewa mara ya kwanza analia, baba yake kanyolewa tayari anamuimbia, na upande wa pili mwanamke mdogo tu, ishirini na kitu, macho amefumba, midomo inatembea. TTD zile nywele wanaziuza kwa mnada, ndefu zinakwenda kuwa mawigi na nywele za kushonea dunia nzima, hela inarudi kwenye shughuli za hekalu. Mwaka 2004 ilizuka mpaka kwa Wayahudi wa dhehebu la Kiothodoksi, ambao wanawake wao walioolewa huvaa wigi, marabi wakasema nywele zilizotokana na ibada ya Kihindu hazifai, watu wakachoma mawigi yao Brooklyn na Jerusalem. Mi sijachoma kitu. Ila sa hivi mteja akiniuliza hii ya wapi, ninajibu kwa kirefu, na bando la nywele siliweki tena chini sakafuni.

Mambo ya kufanya mle ndani: usipige picha. Usiseme "pole", mtu hajapoteza kitu, ametoa. Zamani huko, kwa baadhi ya jamii hasa za Kibrahmin, mwanamke kunyolewa ilikuwa alama ya ujane, mjane ananyolewa atake asitake, na Amma ni mjane sasa, kwa hiyo mi moyo ulinienda mbio nikafikiri labda anaumia. Alivyoinuka kinyozi akampaka liwa kichwani kote, ile liwa ya msandali, kichwa kikawa cha njano kinang'aa, akaniambia shangazi yake alinyolewa na wanaume wa ukoo, yeye amejinyoa kwa hiari yake kulipa deni lake. Akavaa miwani. Chennai ukipanda basi ukimuona mwanamke na kipara cha liwa hakuna anayefikiria ujane wala ugonjwa, wanasema mottai ya Tirupati, wanampisha kiti. Wana msemo wao, kitu kisichopatikana wanasema ni kama kumtafuta mwenye kipara Tirupati, maana wote ni vipara, tajiri wa foleni ya wakubwa na mkulima wa foleni ya bure, hapo huwezi kuwatofautisha.

Binti alikatwa ncha tatu tu kwa mkasi. Hiyo inaruhusiwa, wanawake wengi wenye kazi za ofisi ndo wanafanya hivyo siku hizi. Usimpime mtu imani yake kwa urefu wa alichokata.

KUSUBIRI, NA KURUDI

Kabla ya foleni kuu wanapita kwanza hekalu dogo la Varaha kando ya bwawa takatifu, ndo adabu ya pale, mwenyeji wa mlima anasalimiwa kwanza. Ukiwa wewe ndo unayesubiri nje, panga sehemu ya kukutana ambayo haina jina moja na nyingine, sio "kwenye geti", mageti ni mengi na simu hawana. Sisi tulikubaliana kaunta ya simu. Waliingia saa tisa alasiri wakatoka saa kumi na moja alfajiri, masaa kumi na manne, mi nilipanda kutoka lojingi saa kumi na mbili nikawakuta wamekaa chini wanakunywa kahawa, fundo la njano halipo.

Ladu: kila aliyeingia anapewa moja bure, za ziada ananunua. Ni ladu ya unga wa dengu, samli, sukari, korosho, zabibu kavu, iliki, nzito inajaza kiganja, na tangu 2009 jina lake limelindwa kisheria hakuna mwingine ruhusa kuuza kwa jina la Tirupati. Utaletewa na utapewa. Kama dini yako hairuhusu kula, pokea kwa mkono wa kulia, shukuru, alafu mwambie ukweli kwamba utampelekea mwingine, usiitupe na usiisahau kwenye siti ya treni. Mi yangu nilimpa mlinzi wa hospitali ambaye ni Mhindu, aliipokea kwa mikono miwili akaiweka kwanza kichwani.

Ukirudi na mwenyeji wako, jiandae nyumba itajaa. Majirani wote wanakuja kuchukua kipande cha ladu, cha ukubwa wa kidole tu, wanamgusa miguu, na wanauliza lile swali. Amma alijibu kumi na nne, kumi na nne, kumi na nne, kila aliyeingia. Binti alikuwa jikoni anatengeneza kahawa na niliona safari hii hakuona aibu.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye kiti chake varandani, yeye na kipara chake cha dawa, wigi nililomletea kutoka dukani kwangu alikataa kulivaa tangu siku ya kwanza. Amma alitoka akakaa pembeni yake. Kiswahili hajui, na mama Kitamil hajui. Wakaangaliana vichwa. Mama akanyoosha mkono akagusa ile liwa iliyokauka akanusa vidole, akaniuliza mi, "mwambie imebaki?" maana usiku kichwa kinamuwaka. Ilikuwa imebaki, kwenye karatasi, kiasi cha kijiko. Amma akailowanisha na maji akaanza kumpaka.